Sinia Juu ya Dohani

Niseme kwanza lililo zito, nisije nikalizunguka mpaka mkachoka: mimi ndiye niliyeifunika dohani ya nyumba yetu kwa sinia la biriani. Lile kubwa la alumini, linalobeba mbuzi mzima na wali wake. Nililipandisha juu darini, kwenye paa la nyumba, kwa mikono yangu, nikaligeuza kifudifudi juu ya mdomo wa bomba la moshi, nikaliwekea tofali lisiruke na upepo, nikashuka, nikaoga, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Baridi ilipoingia nikawasha moto chini yake, nikamweka mama yangu mzazi mbele ya moto huo ajipashe.

Na katikati hapo, siku ya Idi kubwa, sinia lilipotafutwa jikoni likakosekana, niliwaambia watu kwamba jirani yetu kalila.

Mtauliza mtu anasahauje sinia zima. Nami nimejiuliza. Jibu ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hukumbuka kila kitu cha watu na husahau vya kwake. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikaachwa, nikarudi kwa mama, na safari zote hizo sikutoka nje ya mtaa mmoja. Maskati nzima naijua kwa dirishani.

Sasa, meko ya gesi yanatafuta nini Maskati, mji ambao watu wanatia barafu ndani ya tangi la maji ili wapate kuoga? Hilo nalo ni langu. Kosa la tamthilia za Kituruki zilizotiwa maneno ya Kiarabu. Kila nyumba ya tajiri humo ina moto ukutani, na kila mwanamke aliyeachwa humo analia mbele ya moto. Mimi nilikuwa nalia mbele ya mashine ya kufulia. Nikaona kasoro iko hapo.

Nilimwandama mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi wizarani, mpaka akachoka. Sikumwambia habari za kulia. Nilimwambia mama anahisi baridi, na hilo lilikuwa kweli. Mama yangu anashona kofia, kofia za vitobo, za mkono, na wanaume walikuwa wakija kutoka mitaa ya mbali kuzisubiri kama wanasubiri posa. Kiyoyozi kikiwaka vidole vinamkauka. Kiyoyozi kikizimwa jasho linamtia doa kwenye kitambaa. Januari ndiyo hataki hata kusemeshwa. Basi mdogo wangu akenda Rusayl, kwenye maghala, akarudi na meko: kioo mbele, magogo ya udongo yaliyochongwa mfano wa kuni, na bomba la moshi la kutokea juu. Mtungi wa gesi ukawekwa nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, ndani ya kizimba cha chuma.

Fundi aliyekuja kuyafunga alitoka Wadi Kabir, na alikuwa msemaji. Alisema: kila mwaka kabla ya baridi niite mimi, au mwengine, ayafungue, ayasafishe, alitazame bomba tangu chini hata juu. Alisema: moto ukijizima wenyewe usiulazimishe, una sababu yake. Alisema: hiki king'ora kikae ukutani ukumbi huuhuu, kwa kuwa moto wa gesi ukikosa pa kutolea moshi hufanya hewa ya sumu, haina rangi, haina harufu, na mtu huifuata usingizini. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Kila alilosema nilijibu inshallah, nikampa halwa.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema tuyatunze."

Akala halwa akaenda zake.

Mama alikuwa na la kwake siku ile ya kwanza ya kuwasha. Alivuta kiti, akanyoosha vidole mbele ya kioo, akanitazama kwa upande.

"Mumeo kakuacha kwa kuwa hujui kuwasha jiko. Leo unawasha na meko."

"Kaniacha kwa kuwa mama yake ana ulimi kama wako."

"Basi alibahatika kupata mama."

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mtu akitusikia kwa nje atadhani tunachukiana, na wala hatujali adhani nini. Wengine wanaamkiana asubuhi; sisi tunachomana. Siku mama asiponitukana hujua anaumwa. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau lilipokuwa na maana.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Miali ilikuwa ya buluu chini, njano juu, inachezacheza. Mimi nililia mbele yake mara moja tu, nikaona haina utamu wa kwenye tamthilia, nikarudi kwenye mashine ya kufulia. Mama akashona kofia nyingi kuliko miaka yote.

Baridi ikaisha, joto likashika. Nikagundua mambo mawili. Njiwa wameifanya ile dohani kijiji chao, na vumbi na manyoya yananidondokea kwenye magogo. Tena nikiweka mkono mbele ya meko nasikia ubaridi wa kiyoyozi unavutwa, unapanda bombani, unakwenda kuwapoza njiwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina sinia. Mtu mwengine angenunua wavu. Mimi nikaenda kuchukua chombo cha karamu nikakivisha bomba la moshi, nikajiona nina akili za kuhukumia mahakamani.

Baada ya hapo Idi. Sinia hakuna. Nilipekua makabati, uvungu wa vitanda, hata bafuni. Nikakumbuka kwamba Idi ndogo nilimpelekea jirani chakula kwenye sinia, na kwetu chombo kinakwenda na chakula, kinarudi na chakula. Hakikurudi. Kumbe kilirudi, tena na maandazi, na maandazi niliyala mimi. Lakini moyo wangu ulikwisha kuamua.

Jirani huyu ni mwanamke mjane, mkubwa kwangu kidogo, mwili wa kutosha. Mama yangu na mama yake walikulia mtaa mmoja Unguja, na kwa hiyo mama anamwita mwanangu, na mimi simpendi kwa sababu hiyohiyo. Kila Ijumaa humletea mama sahani ya chakula. Nilipoanza kumtangaza mtaani kuwa mwizi wa masinia, hakuacha kuleta sahani. Aliacha tu kunisalimia mimi. Anapita mbele yangu kama mimi ni kochi, anakwenda kwa mama.

Siku moja alikuwa juu ya dari lake anaanika nguo, mimi niko uani kwetu. Nikasema na paka kwa sauti ya kumfikia:

"Wako watu wakila chakula, wanakula na chombo."

Akanyoosha shuka kwenye kamba, akatazama upande wa nyumba yetu, tena juu, si chini kwangu.

"Na wako watu wana macho mawili na hawajui vyombo vyao viko wapi."

"Changu nakijua kilipo. Kiko kwa mwizi."

Akacheka. Akakusanya vibanio vyake akashuka. Nikamwambia paka, umeona jeuri ya mtu?

Baridi ya pili ilipoingia niliwasha meko bila ya kumwita fundi. Kwa nini nimwite, na moto unawaka? Uliwaka, lakini mvivu. Ile buluu haikuwapo. Miali ilikuwa mirefu, rangi ya machungwa, inalambalamba kioo, na kila asubuhi kioo kina masizi. Nikasema, mwaka huu moto umependeza, umekuwa wa Kituruki hasa. Masizi nikawa nayafuta kwa siki. Baada ya muda moto ukajizima wenyewe. Nikabonyeza kitufe nikauwasha. Ukajizima tena. Nikabonyeza, nikashikilia kidole mpaka ukatii. Niliona fahari kuushinda.

Mimi sikuwa nakaa ukumbini. Mama hazitaki tamthilia zangu, kwa hiyo televisheni iko chumbani kwangu, na dirisha langu halifungi vizuri tangu marehemu baba alipolitengeneza. Lile dirisha bovu ndilo lililonilinda. Mama alikaa mbele ya moto kutwa, milango imefungwa joto lisitoke, na sindano yake.

Alianza kwa kichwa.

"Kichwa kinanigonga," akasema.

"Kinagonga kwa kuwa ndani hamna kitu cha kukizuia."

Hakunitukana hata kidogo. Mimi nikafurahi kwamba siku ile nimemshinda.

Kisha akawa anatapika asubuhi. Akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Akatia chumvi kwenye chai, akanywa, akasema tamu. Mwenyewe kichwa kiliniuma nikikaa naye sana, na nilimwambia wazi kwamba ni yeye anayeniumiza. Siku moja niliikuta kofia aliyokuwa akiishona iko mapajani. Ua limekwenda upande, safu ya vitobo imepinda kama njia ya kupanda mlimani, na pahala pengine katoboa mara mbili. Mama yangu, ambaye watu walikuwa wakiigeuza kofia yake nje ndani na kukosa upande wa kulaumu.

Nikaishika nikaivaa.

"Mama, hii ya nani? Ana pembe kichwani?"

Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ya babaako."

Baba yangu kafa zamani. Nikacheka. Wallahi nilicheka.

"Basi akija kuichukua mwambie mimi nimetoka."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa salamu azifikishe.

Mdogo wangu akawa anamchukua mwisho wa wiki. Huko kwake mama akaamka. Alikula, alitukana watoto, alishona ua likakaa sawa. Akirudi kwangu, siku ya pili tu keshakuwa mzigo tena. Mdogo wangu hakuwa na haja ya kupiga kelele. Yeye huuliza kama anavyouliza watu dirishani kwake wizarani.

"Kwangu hasemi ovyo. Kwako anasema ovyo. Wewe unaielezaje?"

"Kwako mgeni, anajikaza."

"Mtu hujikaza kutapika?"

"Mama huyo. Hujikaza hata kufa."

"Ijumaa baada ya sala nakuja kumchukua. Si kwa wiki moja. Anahama."

Nilijua maana yake. Si kwamba ningekosa wa kumhudumia. Mwenye kuhudumiwa nyumba ile nilikuwa mimi. Mama akihama mimi nabaki na meko, paka na Waturuki. Nani atanambia sijui kupika? Nani atanikumbusha kwa nini niliachwa? Nikaenda kwa mama kumtupia yeye lawama.

"Unajifanya mgonjwa. Unataka kwenda kukaa kwa mwanao wa wizarani."

"Nnataka kwenda pahala nkilala naamka," akasema, polepole, kama anatafuta kila neno chini ya kiti.

Niliona ni kejeli. Nikaona hata nafuu, kwamba ulimi umerudi.

Nikakaa nikapiga hesabu zangu za sekondari. Mama anaumwa nyumba hii tu. Nyumba nyengine haumwi. Basi ubaya uko hapa. Hapa pana nini? Pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana jirani ambaye keshakula sinia na sasa anamla mama naye kwa jicho. Hasad, husuda. Likawa wazi kama maji.

Dawa ya hasad kwetu inajulikana. Nikatoa chetezo, nikawasha makaa, nikatia ubani ule mweupe wa Dhofar, na udi, nikamfukiza mama asubuhi na alasiri, milango na madirisha yamefungwa ili dawa isikimbie. Niliongeza moto wa makaa juu ya moto wa meko ndani ya ukumbi mmoja, na juu yake sinia. Mtu akitaka kumuua mama yake kwa kusudi asingeyapanga vizuri kama nilivyoyapanga mimi kwa mapenzi.

King'ora, ambacho sumu ya meko peke yake haikutosha kukiliza, kililia siku ya mwanzo tu ya kufukiza. Kililia kwa ukali, bila ya kupumzika. Nikasema, hiki nacho kina jicho, hakitaki dawa ipite. Nikakitoa ukutani nikakiviringisha kwenye kanga nikakitia kwenye sanduku la mablanketi. Kikaendelea kulalamika humo ndani kama paka aliyefungiwa. Nikakifungua, nikakitoa betri, nikazitia kwenye rimoti yangu.

Ijumaa ile mvua ilinyesha, mvua ya baridi, na mabonde yalianza kushuka maji. Nilijua mdogo wangu atachelewa barabarani, nikaona Mungu kanipa nafasi. Nikiweza kumfukiza mama sawasawa kabla hajafika, ataamka, atamwambia sendi kwako, na khalas, yamekwisha. Nikaweka kiti chake karibu na kioo kuliko siku zote. Nikalazimisha moto, ukakubali. Nikakijaza chetezo makaa nikakiweka chini ya kiti, nikamfunika shuka mwili mzima moshi umwingie. Nikasokomeza matambara chini ya mlango. Mama alinitazama kutoka kwenye shuka.

"Unanipika?" akauliza.

"Nakupika. Ukiiva nitakula."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Nikaenda jikoni kwenye chungu changu.

Jirani aliingia na sahani yake ya Ijumaa kama kawaida, bila ya kubisha, bila ya kunitazama. Nikamsikia anausukuma mlango wa ukumbi na matambara yanamzuia. Akausukuma kwa bega. Kisha nikasikia sahani inavunjika, nikasema moyoni, sasa kaanza na sahani.

Nilipotoka na mwiko mkononi alikuwa anakiburuta kile kiti, mama juu yake, kichwa kimeanguka kifuani, mate yanamtoka. Anaburuta kinyumenyume kuelekea barazani, kwenye mvua.

"Mwache, amelala," nikamwambia. "Dawa inafanya kazi."

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake mwenyewe, si kwa paka, tangu Idi. Akamtoa nje, akamweka chini ubavuni, akarudi akafungua madirisha yote, akakipiga teke chetezo changu kikamwaga makaa kwenye zulia, akayakanyaga kwa viatu. Akauliza swali moja tu:

"Gesi inafungwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mwiko. Akaenda akaifunga kwenye mtungi. Hapo mdogo wangu akapiga honi nje, na tukampakia mama wote watatu, mimi nikiwa bado na mwiko.

Hospitali walimtia barakoa ya hewa usoni. Daktari akatuita kwenye korido. Akauliza nyumbani tunachoma nini.

"Ubani tu," nikasema.

"Na meko ya gesi," mdogo wangu akasema. "Na makaa. Nimeyaona kwenye zulia."

"Moshi wa meko unatokea wapi?"

"Juu," nikasema.

Jirani alikuwa kakaa kwenye benchi, miguu ya mama yangu alikuwa kaisugua mpaka kanga yake imelowa, na viatu vyake vina majivu. Hakuinua hata uso.

"Juu kuna sinia lake," akasema.

Daktari hakuelewa. Mdogo wangu alielewa mara moja, kwa sababu alikuwa na mimi siku ile ya kulitafuta hata bafuni. Alinitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo hata na aliyeniacha.

"Tangu Idi naliona nikienda kuanika," jirani akaendelea. "Juu yake katia na tofali. Nlidhani kaliweka makusudi apate la kunitukania."

"Si ungesema," nikamwambia.

"Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza. Ulinitangaza."

Kisha akasema na daktari, kwa Kiarabu kizuri, kwamba hajui mambo ya moshi, angejua angelipanda ukuta alitoe. Nadhani lilimuuma, kukaa miezi yote akilifurahia sinia lile juu ya paa, akiingojea siku nitakayoliona niumbuke. Nami niliumbuka. Lakini tulikuwa na mama kwenye barakoa, na hakuna kati yetu aliyeweza kuifurahia.

Mama aliamka. Jina langu akalikumbuka. Alilitaja na kitu kingine nyuma yake ambacho sitakiandika. Daktari akasema bahati, akasema akili itarudi, mikono huenda ikachelewa. Mdogo wangu akamchukua kwake moja kwa moja, na mimi nikarudi nyumbani kufagia majivu.

Nikamwita yule fundi wa Wadi Kabir. Akapanda juu, akashuka na sinia langu. Upande wa ndani lilikuwa jeusi kama kitako cha chungu cha kuni. Aliliegemeza ukutani akalipiga picha, akanambia nisimame kando yake, nikasimama kwa kudhani ni utaratibu wa kazi. Baadaye nikafahamu kwamba ile picha imezunguka magereji yote ya Wadi Kabir. Mpaka leo fundi yeyote akija kwangu, hata wa mabomba ya maji, hunitazama kwanza usoni, kisha anatafuta sinia.

Lakini alinifundisha, na mara hii sikumimina kahawa. Alinifanya nishike kila kitu kwa mkono. Kioo ukikiona kina masizi, moto haupumui: zima, usifute. Miali ikiwa mivivu na ya machungwa, zima. Moto ukijizima, ushukuru, usiulazimishe. Maungio ya bomba la gesi yapakwe povu la sabuni; povu likivimba, gesi inavuja. Bomba la moshi litiwe wavu wa njiwa, wavu, akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Dirisha moja lisifungwe kabisa. Makaa hayachomwi kwenye ukumbi uliofungwa, yawe ya ubani au ya nini. Na king'ora kirudi ukutani na betri zake.

"Umesikia?"

Nikamsomea yote, tangu kioo mpaka betri. Akakasirika kidogo, nadhani alitaka apate la kucheka tena.

Mama alirudi mwenyewe. Mdogo wangu hakutaka. Kumbe kule kwake, mume kazini, mke kazini, watoto skuli, na mama anabaki na kuta.

"Kanitunza vizuri," mama aliniambia akivua viatu mlangoni. "Hamna hata mtu mmoja wa kumtukana."

Mdogo wangu aliweka sharti moja. Kizimba cha mtungi kitiwe kufuli, na ufunguo ukae kwa jirani. Si kwangu. Nikitaka kuwasha meko niende nikaombe. Nilisema huo ni udhalilishaji. Akasema ndiyo.

Kofia hazikurudi kama zamani. Mama anashona, ua linaanza sawa, kisha pahala fulani mkono unapotea, vitobo vinakwenda upande, na jioni anafumua alichoshona mchana. Wanaume wa mitaa ya mbali walikuja, wakageuza nje ndani, wakasema inshallah safari nyengine. Mimi zamani ningemkejeli. Sasa namsifu. Nasema mama, hii imetoka nzuri. Ananitazama, anaiweka chini, na haishiki tena siku ile. Anajua sijawahi kumsifia kitu kizima; nikisifu, basi kimeharibika.

Baridi hii ilipoanza nikalisugua lile sinia kwa jivu na ndimu. Weusi haukutoka wote. Pamebaki duara pana, karibu lifike ukingoni, kama mtu kalikalia. Nikalijaza biriani, nikalibeba kichwani mpaka mlango wa jirani.

Alifungua. Akatazama chakula, akalitazama duara lililochungulia pembeni mwa wali.

"Nimeleta," nikasema. "Na naomba ufunguo."

"King'ora kiko wapi?"

"Ukutani."

"Kina betri?"

"Kina betri. Na fundi keshakuja, kayasafisha yote."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna wavu."

Hakuniamini. Alipanda ngazi za nyumbani kwangu mwenyewe, taratibu, anapumzika kila hatua, na mimi nyuma yake kama mtuhumiwa. Akaingiza vidole kwenye wavu, akaridhika. Tukashuka, akafungua kufuli, akafungua gesi, tukaingia ukumbini. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mbali na kioo, dirisha wazi nyuma yake. Niliwasha. Miali ikatoka buluu chini, njano juu. Jirani akaitazama mpaka machozi yakamtoka, akayafuta.

Nikaona sasa ndiyo nafasi, moyo wake umelainika, nijitetee.

"Na mimi unionee huruma," nikamwambia. "Mama mwenyewe alikuwa kachanganyikiwa, hajui mimi nani, anasema habari za maiti. Ningejuaje ni meko? Mtu yeyote angedhani ni jicho."

Mama akaacha kushona, akangoja. Jirani alikuwa anauchomeka ufunguo kwenye mkoba wake. Akaufunga mkoba kwanza, ndipo akasema:

"Mama yako akili zilimpotea kwa moshi. Wewe zako sijui zilipotelea wapi."